Kwa Somo: “Mume wangu anasema mshahara wangu unamlea dada wa kazi, haumlei mwanetu”

Somo, shikamoo.

Nakusoma siku nyingi ila kuandika ndiyo mara ya kwanza, tena naandikia stoo, nimekalia mfuko wa saruji, kwa sababu ndiko pekee ninakopata utulivu. Usinicheke.

Nina miaka 27. Naishi Makorora, hapa Tanga, na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miezi kumi. Nauza duka la vifaa vya ujenzi huku Ngamiani, huu ni mwaka wa nne, mshahara 240,000. Mume wangu ni kibarua bandarini. Meli ikiwepo anaingia hata zamu ya usiku na hela inaonekana. Isipokuwepo anaamka saa tatu, anakunywa chai, anakwenda kijiweni kupiga dhumna mpaka adhuhuri. Si mtu mbaya, Somo. Hanipigi, halewi, na mtoto akisikia sauti yake anaacha hata titi.

Nilipojifungua bosi alinipa likizo, lakini miezi miwili haijatimia vizuri akanipigia simu: duka limezidiwa, kama sirudi anaweka mtu. Nikarudi. Wiki za kwanza nilikuwa napima misumari kwenye mizani, mteja akiingia na mtoto anayelia, blauzi yangu inalowa hapohapo. Nikajifunza kuvaa kitenge juu hata kwenye joto la Januari.

Tangu hapo nimepitia madada watatu. Wa kwanza alitoka Lushoto, binti safi kabisa, baada ya wiki sita akapata wa kumlipa zaidi Dar. Wa pili alisema kwetu hakuna pa kulala, na kweli hakuna. Tuna chumba na sebule, yeye alilala sebuleni na mume wangu akirudi usiku wa manane anamruka. Wa tatu aliondoka bila kuaga, nikamkuta mwanangu kwa mpangaji mwenzangu, anatafuna ganda la ndizi.

Ndipo nikamwomba jirani mmoja anayeshinda nyumbani akikaanga vitumbua. Elfu mbili kwa siku. Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda. Kisha siku moja bosi akafiwa, duka likafungwa, nikafika nyumbani saa nane. Mwanangu amelala mkekani, nepi imelowa mpaka imepoa. Namwita, hashtuki. Namwinua, shingo inalegea, kinywa kinanukia utamu wa stroberi. Dirishani pana chupa ya dawa ya mafua ya watoto, kifuniko hakijakazwa, sisimizi wamepanga mstari. Jirani hakujificha hata kidogo: “Nampa kijiko apumzike tu. Mafuta yangu jikoni yanachemka, akitambaa nimfanyeje?” Nikamchukua mtoto nikaondoka. Sikumgombeza. Mpaka leo sijui kama nilipaswa, maana na yeye ana moto, ana karai, na wanawe wawili.

Vituo vya kulelea watoto nimeviulizia. Kimoja kiko Raskazone, kizuri, ada yake inapita nusu ya mshahara wangu. Kingine kiko karibu na kwetu, 60,000 na hela ya uji juu, ila hawapokei mtoto chini ya mwaka mmoja na nusu, tena saa kumi jioni wanafunga geti. Mimi natoka kazini saa kumi na moja na nusu.

Kwa sasa mtoto yuko na mama mkwe, amekuja kutoka Mkinga kwa mwezi mmoja, na mwezi unaisha wiki ijayo. Yeye anasema tumchukue binti wa wifi yangu. Ana miaka 13, kamaliza la saba na amefaulu, lakini “akae kwenu mwaka mmoja tu, shule haikimbii”. Mama yangu mzazi yuko Muheza, anasema nimpelekee mjukuu, niwe naenda Jumapili. Mama ana machungwa yake na magoti yanayomsumbua.

Mume wangu anataka niache kazi. Alinikalisha na kalamu: dada 70,000, chakula chake na sabuni 23,000, nauli yangu 31,000, chakula changu cha mchana 26,000. Inabaki 90,000. Akapiga mstari chini yake akasema, “Unaamka alfajiri mwezi mzima kumlea dada wa kazi.” Sikuwa na jibu. Ingawa Machi hakukuwa na meli ya maana na kodi tulilipa kwa hiyohiyo tisini yangu.

Nikamwambia basi siku zisizo na meli akae yeye na mtoto. Akacheka. Anasema kijiweni watamwambia nimemlisha limbwata.

Somo, niache kazi?

Mama wa Makorora

*

Marahaba, mwanangu. Stoo si pabaya, mimi barua zangu nyingi naandikia jikoni.

Kabla ya kazi, kabla ya mume, tuanze na ile chupa. Dawa za mafua zinazoleta usingizi si za kumlazia mtoto. Kwa mtoto mdogo kiasi hicho zinaweza kupunguza hata pumzi, na aliyelala usingizi wa dawa akitapika hana nguvu ya kujigeuza. Ukienda kliniki kumpima uzito mweleze muuguzi yote, utaje na jina la dawa. Usione haya, hutakuwa wa kwanza kuyasema pale. Jirani naye kamwambie. Hukumgombeza, vizuri, lakini kunyamaza siyo wema, kesho atalazwa mtoto wa mwingine. Mwambie kwa upole, wawili tu, kwamba ile dawa ingeweza kumuua. Yeye alikuwa anafanya kazi mbili ambazo hazikai chumba kimoja, karai la mafuta na mtoto anayetambaa. Kwa elfu mbili ulinunua macho yaliyokuwa tayari yamenunuliwa na vitumbua.

Sasa huyo binti wa wifi yako. Hapana. Hili sina mawili nalo, na nisamehe kama nitamkwaza mama mkwe. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu kumtia mtoto kazini kabla hajafika miaka 14, na ukimwita ndugu bado ni kazi: ataamka kabla yako na kulala baada yako, bila mshahara kwa kuwa ni “wa nyumbani”. Amefaulu. Kidato cha kwanza cha shule ya serikali hakina ada tangu 2016. Mwaka mmoja kwenu utakuwa miwili, kisha mtazaa wa pili, na siku atakapokumbuka shule wenzake watakuwa wanafanya mtihani wa kidato cha nne. Nimeona wasichana wa namna hiyo hapa Ngamiani. Mmoja sasa ni mama wa makamo, ananiuzia mkaa, na hesabu zake za kichwani zinanishinda mimi niliyesoma.

Twende kwenye kalamu ya mumeo, maana hapo ndipo roho ya barua yako ilipo, ingawa wewe umeipitia upesi.

Hesabu yake haina kosa la kujumlisha. Nimeirudia, inabaki 90,000 kweli. Kosa liko kwenye safu aliyoiandikia. Dada wa kazi anamlea mtoto wa nani? Mbona gharama yake yote imekatwa kwako? Yeye anapokwenda bandarini akabeba mizigo usiku kucha, mtoto yuko na nani? Huyo dada, au mama mkwe, au jirani mwenye karai, alimwezesha na yeye kufanya kazi. Tena hata usingizi wake wa asubuhi baada ya zamu, kuna mtu alikuwa anamnyamazisha mtoto. Gawa ile 93,000 ya dada katikati, kila mmoja 46,500, uone mwisho wa hesabu yako: 136,500. Hakuna aliyeongezwa mshahara hapo. Kalamu imesogezwa tu.

Halafu kuna ambayo kalamu ile haikuandika kabisa. Machi umeitaja mwenyewe ukaiacha njiani kama kitu kidogo. Nyumba yenye mshahara mmoja wa kubahatisha na mmoja wa uhakika, ukiuondoa ule wa uhakika unabaki unaangalia bahari kama kuna meli. Na kuna NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Kesho kaulize kama bosi anapeleka michango yako, usiogope, ni haki yako kujua. Pensheni ya uzeeni inataka miezi 180 ya kuchangia, na wewe una arobaini hivi kama imefika. Ukiacha leo ukarudi kazini mtoto akiwa darasa la kwanza, utarudi unaanza kwa mshahara wa binti aliyetoka shule jana, na duka lile litakuwa na mtu mwingine anayejua bei za nondo kichwani.

Sisemi mwanamke akikaa nyumbani kulea amepotea. Mimi mwenyewe nilikaa miaka sita, na kuna siku za miaka ile sitaziuza. Lakini nilikaa kwa kuamua, tukakaa kitako tukapanga tutakula nini. Wewe unasukumwa. Mtu anayesukumwa nje ya kazi yake haketi nyumbani kwa raha, na mtoto anajua.

Dada naye tusimwonee. Agizo la kima cha chini lililotoka 2022 na kuanza Januari 2023 liliweka wakati huo 60,000 kwa dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida na 120,000 kwa anayekwenda na kurudi. Kwa 70,000 na kuruka-rukwa usiku sebuleni, hata wewe ungeondoka. Katika chumba na sebule dada wa kulala hawezekani, na ndiyo maana watatu wamepita kama daladala. Usitafute wa nne.

Haya, limbwata. Mwambie baba wa mtoto hivi, kama utaweza kusema bila kucheka: akibeba gunia la mtu asiyemjua wanaita riziki, akibeba mtoto wake mwenyewe wanaita limbwata. Hao wa kijiweni ndio watalipa kodi Aprili? Humtaki aache bandari. Unataka siku ambazo meli haipo, na ambazo kwa maneno yako yuko kwenye dhumna mpaka adhuhuri, awe na mwanawe. Mtoto anaacha titi kwa sauti ya baba yake! Nusu ya kazi imeshafanyika. Ila usimwachie mtoto na maneno matupu. Wanaume wengi tunaodhani hawataki, hawajui tu waanzie wapi, na hawawezi kuuliza. Jumapili moja apike uji yeye, abadilishe nepi yeye, amlaze yeye, wewe ukiwa uani unafua na mdomo umefungwa. Akikosea kukunja kitambaa, acha kikae vibaya. Na mkeka anaweza kwenda nao kijiweni, dhumna haikatazi mtoto.

Sasa nataka uhesabu miezi. Mwanao ana kumi. Kile kituo cha karibu kinapokea wa kumi na nane. Kwa hiyo shida hii kubwa unayoiona kama bahari ni miezi minane. Usiuze kazi ya miaka minne kwa shida ya miezi minane.

Kwa miezi hiyo, tafuta wenzako. Najua wapo, maana Makorora haijawahi kukosa watoto. Niliwahi kuwaona akina mama watano wanaouza Mgandini, kila mmoja alikuwa anamlaza mwanawe kwenye boksi la nyanya chini ya meza. Walimfuata bibi mmoja, mjane, watoto wake wameshaoa. Kila mama akatoa 30,000, bibi akapata 150,000 kwa mwezi, ambayo mkaangaji wa vitumbua haioni baada ya kununua mchele na mafuta. Masharti yao niliyapenda kwa kuwa yalikuwa machache na makali. Bibi hauzi chochote saa za watoto. Moto haupo ndani ya ua mpaka wa mwisho achukuliwe. Ndoo zote zina vifuniko. Hakuna dawa yoyote ambayo mama mzazi hakuileta kwa mkono wake. Wanaotambaa hawazidi watatu, wengine wawe wanaotembea. Na mama yeyote anaweza kuingia saa yoyote bila hodi. Hilo la mwisho lilileta maneno, bibi alisema wanamfanya mwizi. Baada ya wiki mbili alilizoea, akawa analalamika wasipopita.

Wewe ulikuwa unatoa elfu mbili kwa siku, kwa siku 26 ni 52,000. Hapa unatoa 30,000, nusu yake ya mwenzio bandarini.

Mkianza, msijifiche. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa. Mkiona mnakua, mnatoza watu wa nje, mmekuwa kituo, na sheria ileile ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Mlango ni wa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wengi wanamkimbia wakidhani atawafungia. Nendeni kabla hajaja, mumuulize choo kiwe vipi, watoto wangapi kwa mlezi mmoja. Muulizeni pia kuhusu ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 (ukilitamka jina lote uji unapoa), inayohusu watoto mpaka miaka minane, mjue mtaa wenu umepangiwa nini. Na mkiwa kikundi, ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani ni fungu la wanawake. Tumezoea kuiombea vyerehani na kuku. Sijaona kwa nini wanawake watano wasiiombee magodoro, uzio na mshahara wa mlezi, kama watoto hawa watakuwa wanalipiwa.

Bado saa. Hapa inabidi uzungumze na bosi.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wewe hukufika hata 60. Siku zako zilizobaki bosi amekaa nazo. Usizidai leo, ziweke mfukoni, ujue tu zipo. Unachokidai leo ni kingine: sheria hiyohiyo inasema anayenyonyesha aruhusiwe muda wa kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Usiende na sauti ya mahakama. Nenda asubuhi, kabla ya wateja, useme: “Bosi, bado nanyonyesha. Naomba muda wangu wa kunyonyesha niupate jioni, nitoke saa tisa na nusu badala ya saa kumi na moja na nusu, na asubuhi nitafungua mimi.” Akikataa mbili mpe nafasi ya kukubali moja na nusu. Kumbuka kwamba alikupigia simu ukiwa na kitoto cha miezi miwili. Mtu asiye na kazi hapigiwi simu. Akikataa kabisa, yupo afisa kazi, na nyuma yake ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini sidhani kama mtafika huko kwa ajili ya saa mbili.

Na ukishapata saa tisa na nusu hiyo, rudi uitazame saa ya kile kituo. Geti linafungwa saa kumi. Utalikuta wazi.

Ukikamua maziwa, kamulia kwenye chombo kilichochemshwa, chenye kifuniko, apewe kwa kikombe. Nje ya friji wanasema masaa manne, lakini hilo ni joto la kawaida, na stoo yenu ya mabati ya Ngamiani si joto la kawaida. Bora umuombe mama wa duka la soda akuwekee.

Muheza sijaisahau. Kulelewa na bibi si dhambi, nusu ya sisi tulilelewa hivyo na machungwa yalitukuza. Lakini mwanao bado ananyonya, na magoti ya mama yako hayamkimbizi mtoto anayejifunza kutembea. Ibaki kuwa ya wiki moja moja, bibi akimkosa sana au mlezi wenu akiumwa.

Mama mkwe mwombe abaki wiki mbili zaidi, mpaka mpate mlezi. Mwombe mbele ya mwanawe, na umwandalie nauli ya kurudi Mkinga ili ajue humfungi. Usiku huohuo mtoe ile karatasi ya hesabu, wewe ndiye ushike kalamu.

Kuhusu binti wa wifi, nijulishe shule aliyopangiwa na namba ya mguu wake. Viatu vyeusi vya kufungua shule nitanunua mimi.

Somo